Mweka Hazina na Ng'ombe wa Kabuchai

Mweka Hazina wetu hakuwahi kuwa maskini hata siku moja, na ushahidi alitembea nao kwenye mkoba. Ilikuwa kompyuta ndogo, kioo kimepasuka pembeni, na ndani yake mlikuwa na programu ya kuhesabu mali ya mtu. Ukikutana naye asubuhi pale Kitale akienda kununua gazeti, hukuulizwa habari ya nyumbani wala ya mahindi. Uliulizwa thamani yako halisi ni ngapi leo. Ukisema hujui, alikutazama kwa huruma ya daktari aliyeambiwa na mgonjwa kwamba kikohozi ni vumbi tu.

Mimi nauza dawa za mifugo na mbegu, ndiyo maana mtaani naitwa Mama Dawa. Nimekuwa jirani yake na mwanachama wa kikundi chake cha akiba kwa miaka mingi, kwa hiyo nikimsema nina haki ya kumsema. Watu wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka kati ya nchi. Yeye kwao ni Matulo, karibu na Webuye, ingawa alifundisha somo la biashara hapa Kitale mpaka akastaafu. Jina analo, tena jina zuri, ila hakuna anayelitumia. Kikundini ni Mweka Hazina, kanisani ni Mweka Hazina, na kwenye kamati ya mazishi, ambayo ndiyo serikali ya kweli ya mtaa wetu, ni Mweka Hazina.

Kwa pesa za watu alikuwa mwaminifu mpaka akachosha. Mkutano mmoja ulishindwa kufungwa kwa sababu hesabu ilipungua shilingi ishirini. Chai ikapoa, watoto wakaanza kuja kuwatafuta mama zao, na yeye bado amesimama mlangoni. Mama mmoja akachomoa ishirini kwenye kibeti akamwambia achukue hiyo, watu wakapike. Mweka Hazina alikasirika kweli. Alisema pesa ya kuzibia si pesa iliyopotea, na kwamba mtu anayeziba shilingi leo ataziba elfu kesho. Tukapekua risiti upya, na kumbe katibu alikuwa amenunua kalamu akasahau kusema. Mweka Hazina aliandika kalamu, akafuta jasho, akaomba tufunge kwa sala.

Lakini mganga hajigangi. Mtu huyohuyo, akigeukia mambo yake mwenyewe, alikuwa na hesabu ambayo hata Ibilisi angeona aibu kuiwasilisha.

Programu yenyewe aliipata kwenye semina ya wastaafu, akarudi nayo kama mtu aliyeokoka. Alituwekea sote kwenye simu, tukitaka tusitake. Somo lake lilikuwa fupi na alilirudia kila mkutano: upande huu andika mali, upande huu andika madeni, toa, na kinachobaki ndicho wewe. Nilimtii. Niliandika duka, mzigo uliomo, ng'ombe wangu wawili na pick-up yangu kuukuu. Upande wa pili nikaandika mkopo wa ushirika na deni la muuza jumla wa Eldoret. Nikagundua kuwa thamani yangu haifiki hata bei ya bati zilizo juu ya kichwa changu. Niliumia, lakini nilipona, maana kutoka siku hiyo nilipunguza kuuza kwa mkopo. Nasema hivi ili ijulikane kwamba somo lake lilikuwa zuri. Aliyelikosa ni mwalimu.

Yeye kioo chake kilikuwa kijani tu, mwezi baada ya mwezi. Wengine tulipanda na kushuka kama bei ya debe la mahindi, yeye alipanda tu. Nilianza kumchunguza. Si kwa wivu. Basi, kwa wivu kidogo.

Nikaona jinsi alivyofanya. Alikopa ushirika anunue Probox. Mkopo ulipoingia kwenye akaunti aliandika kuwa pesa zimeingia, na kweli ziliingia. Aliponunua gari aliandika gari, kwa bei aliyonunulia, na kweli gari lilikuwepo. Kitu kimoja tu ndicho hakuandika, kwamba pesa zile ni za watu na zitarudi kwa wenyewe. Kwa hiyo siku aliyojitia kitanzi cha miaka minne ndiyo siku programu ilimwonyesha ametajirika kuliko siku zote. Gari likazeeka kwenye barabara ya Webuye, shokomzoba zikafa, mlango mmoja ukawa unafunguliwa kwa kamba. Kwenye kompyuta lilibaki jipya.

Nilimuuliza dukani kwangu, bila kuzunguka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, ishara kwamba mtu sasa atafundishwa.

"Mama Dawa, deni ni lile unalolikimbia," akasema. "Hili nalilipa kila mwisho wa mwezi. Sasa deni liko wapi?"

Ndivyo alivyokuwa na kila kitu. Hakuwa na madeni, alikuwa na majina. Deni la duka aliliita mzunguko. La fundi wa choo lilikuwa bado linaongelewa. Alichokopa kwa ndugu yake wa Matulo kilikuwa damu, na damu haidaiwi. Karo ya mtoto wa mwisho, ambayo shule ilikuwa bado inaiulizia, ilikuwa mambo yaliyopita. Upande wa madeni kwenye programu yake ulikuwa mweupe kama karatasi ya mtihani ambayo haijajibiwa, na alijivunia weupe huo mbele ya watu.

Ila anayedaiwa akiwa wewe, uliandikwa. Waliokuwa na pesa zake aliwaweka wote upande wa mali, hata aliyehamia Uganda, hata mwanafunzi aliyempa nauli zamani na sasa hajulikani aliko. Kilichonimaliza ni michango ya mazishi. Kila alipochangia msiba, aliandika kiasi hicho kama mali yake iliyo mikononi mwa wafiwa. Hoja yake ilikuwa kwamba amewazika, nao watamzika. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo mali pekee ambayo mwenyewe sharti afe ndipo aipokee. Akanijibu kwa utulivu kwamba mali ya kudumu huwa hivyo.

Nisimwonee. Mume wangu alipofariki, Mweka Hazina aliweka meza nje ya nyumba yangu na kukaa hapo mpaka siku ya mazishi, akipokea michango, akiandika kila jina, hata la aliyeleta kabichi. Hakunywa chai yangu. Tulipotoka makaburini alinikabidhi bahasha na karatasi yake, akaniambia nihesabu mbele yake, nami sikuwa na macho ya kuhesabu, basi akanihesabia yeye, polepole, akisubiri kila nilipoanza kulia. Sitamsahau kwa siku hizo. Baadaye sana, alipokuwa akituonyesha namna ya kupanga mali, niliona jina la marehemu mume wangu kwenye kioo chake, na mchango wake mwenyewe mbele ya jina hilo, unasubiri. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi hayo yalikuwa ya aina mbili.

Sasa nifike kwa Mama Nekesa, mkewe, maana bila yeye mzee huyu ni kichekesho tu.

Mama Nekesa ni muuguzi mstaafu, mrefu, asiyependa makelele. Walikutana hospitali ya Lugulu, mzee akiwa kijana amelazwa na malaria, na nasikia hata wakati huo alimwomba muuguzi amwandikie joto la mwili kwenye daftari lake mwenyewe, asidanganywe. Kwao mama ni Kabuchai. Alipoolewa, wazee walikubaliana ng'ombe, mzee akatoa waliokuwepo, wanne wakabaki. Wanne hao walibaki Nekesa akizaliwa, wakabaki Nekesa akisoma, wakabaki mpaka baba mkwe akazikwa akiwasubiri. Wakwe wa Kabuchai si watu wa kugonga mlango. Walinyamaza, na Mweka Hazina akachukulia kwamba aliyenyamaza amesamehe.

Alichonieleza mama siku moja, akinunua chanjo ya kuku, kilinikaa moyoni. Kwao mwanamke ambaye mahari yake haijatimia huwa na namna yake ya kuingia nyumbani. Hakuna sheria, hakuna anayemfukuza, ila yeye mwenyewe alikuwa akifika kwao anapitia nyuma, jikoni, asikutane na wazee waliokaa mbele. Muuguzi aliyezalisha nusu ya lokesheni, na mvi kichwani, anapitia jikoni. Hakuwa anamwomba mumewe ng'ombe. Alijua pensheni ni kiasi gani. Alikuwa anamwomba awaandike tu kwenye mashine ile, upande wa madeni.

"Huyu mzee kitu akishaandika, analipa," akaniambia. "Kenye hakijaandikwa, hata kikimwangukia kwa mguu hakioni."

Mzee alikataa. Alisema ataharibu hesabu.

Basi Nekesa akapata mchumba, na mchumba mwenyewe ni mtoto wa kaka yangu, kwa hiyo mimi nikawa mkwe, na uchunguzi wangu ukapata kibali. Hata kabla hatujapeleka ujumbe wa kwanza, Mweka Hazina alikuwa ameshaingiza ng'ombe wa Nekesa upande wa mali. Aliwaandika: ng'ombe, wako njiani. Wanne wa Kabuchai, waliokuwa njiani tangu ujana wake, hawakupewa hata mstari.

Siku ya mahari tulishuka Matulo na wazee wetu, makoti yamepigwa pasi, tukiwa tumejiandaa kwa maneno marefu. Tulichokikuta sebuleni ni shuka jeupe limetundikwa ukutani. Mweka Hazina alikuwa ameazima projekta ya kanisa. Alitaka, alisema, wageni waelewe kwamba hamtoi binti yake kwa njaa. Wazee wetu wa Kitale, ambao kwao siku ya mahari huanza kwa mafumbo kuhusu mbuzi aliyepotea, walikaa wakitazama grafu. Ikaonyeshwa Probox mpya. Likaonyeshwa shamba, ikaonyeshwa nyumba, wakaonyeshwa kuku. Ikaonyeshwa jumla ya chini, kijani, na mzee akaisoma kwa sauti ili ituingie.

Kwenye kona, karibu na mlango, alikaa kaka yake Mama Nekesa kutoka Kabuchai. Kwao mjomba wa bibi harusi wanamwita khocha, na siku kama hiyo khocha ni mtu mzito, maana bila neno lake hakuna ng'ombe anayeingia boma. Huyu alikuja na gambuti zake za shambani, kofia magotini, na hakuwa amesema lolote tangu chai. Akanyoosha kidole kwenye shuka.

"Mwalimu, hii kitu ni mzuri," akasema. "Imeandika mpaka kuku. Sasa sisi tuko wapi hapo?"

Mweka Hazina akacheka, akasema wakwe hawaandikwi. Khocha akauliza, kwa sauti ileile, na ng'ombe wanne wa dada yake je.

"Hilo si deni, shemeji. Huo ni uhusiano."

Mama Nekesa alikuwa mlangoni na birika. Hakuinua sauti.

"Basi andika uhusiano," akasema. "Uko upande gani?"

Kulikuwa na watu wengi mno wa kukataa mbele yao. Mweka Hazina akainamia kompyuta, akafungua upande wa madeni, ule ambao hakuwahi kuugusa, akaandika ng'ombe wanne na bei yao. Kwa kuwa deni ni kitu cha kutoa, akatanguliza alama ya kutoa. Hapo ndipo alipokosea. Programu ile hutoa yenyewe kila kilichoandikwa upande wa madeni, huhitaji kuiagiza. Ukiweka alama yako, unatoa kilichokwisha kutolewa, na deni linageuka nyongeza. Mtoto wa shule anajua, na yeye alikuwa mwalimu, ila hakuwa na mazoezi ya upande huo.

Ile jumla ya chini, mbele ya macho yetu sote, kwenye shuka, ikapanda.

Mweka Hazina aliitazama, na badala ya kushtuka akafurahi. Akawageukia wakwe zake na kuwaambia waone wenyewe, hakuna kilichoharibika, thamani hata imeongezeka. Mzee mmoja wa upande wetu, mwenye ulimi, akasema kama ndivyo ilivyo basi hata sisi tusimpe ng'ombe, tumdai, atajirike zaidi. Sebule ikalipuka. Wa Kitale walicheka, wa Matulo walicheka, mimi nilicheka nikashika ubavu.

Khocha hakucheka. Mama Nekesa alisubiri tumalize. Alitua birika mezani.

"Nimeingilia jikoni kwetu miaka yangu yote," akamwambia mumewe. "Nilikuomba kitu kimoja, uniandike. Leo umeniandika, na umepata faida."

Aliingia chumbani, akatoka na begi dogo, akamwambia kaka yake waondoke. Hakuna aliyemzuia. Khocha alivaa kofia yake na kutuambia sisi wa Kitale, kwa heshima, kwamba hana neno na kijana wetu, ni kijana mzuri, ila ng'ombe za mtoto haziwezi kutangulia za mama yake. Turudi nazo. Ng'ombe za mama zikitimia tutaitwa. Tukarudi Kitale na bahasha yetu, Nekesa akabaki na keki iliyoandikwa jina lake, na wali wote ule ukaliwa na majirani wa Matulo, ambao wanasema ulikuwa mtamu.

Mama Nekesa hakurudi. Mtaani ilisemwa amekwenda kumsaidia wifi yake kupalilia. Palizi ikaisha, mahindi yakatoa ndevu, bado anapalilia. Mweka Hazina akawa anakuja gazetini na shati halijapigwa pasi, na kwa mara ya kwanza akawa anasalimia watu kwa habari ya nyumbani, kisha anaondoka kabla hawajamuuliza ya kwake.

Asubuhi moja aliingia dukani, akaweka kompyuta juu ya gunia la chakula cha kuku, akaniuliza kama najua kwa nini jumla yake ilipanda siku ile. Nilimwambia afute ile alama. Akaifuta, jumla ikashuka kwa ng'ombe wanne. Ningeweza kumwacha hapo. Sikumwacha. Nilimwambia sasa aandike mkopo wa gari uliobaki. Akaandika. Nikamwambia aliweke gari kwa bei ambayo mtu mwenye akili angelinunua leo, kamba ya mlango ikiwemo. Akanitazama, akaandika. Akaendelea mwenyewe bila kuambiwa: fundi wa choo, karo, ndugu wa Matulo. Michango ya mazishi akaifuta mmoja mmoja, na alipofika kwenye jina la mume wangu aliniomba radhi, nikamwambia afute tu, marehemu hatakasirika. Kijani kikawa chekundu. Alikaa kwenye gunia.

"Kumbe mimi ndiye huyu," akasema.

Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia, niliyaweka tayari kwa miaka. Nilimpa soda.

Aliuza gari. Alilipwa kidogo, ushirika ukachukua chake kwanza, na kilichobaki kilinunua ng'ombe mmoja na mguu. Akauza mahindi yote yaliyokuwa stoo, yale ambayo huwa anayaweka mpaka bei ipande, na safari hii aliyauza bei ikiwa chini kabisa, kitu ambacho kwa mwalimu wa biashara ni kama kuvua nguo sokoni. Akaniomba nimsindikize Chwele, kwenye soko la mifugo, kwa kuwa mimi najua ng'ombe na nina pick-up. Alitaka kuchagua waliokonda, akisema makubaliano yalikuwa idadi, si uzito. Nilimwambia akinunua ng'ombe wa kuhesabiwa mbavu, mimi narudi Kitale. Tukanunua wanne wanaoheshimika, watatu wakubwa na mtamba mmoja mweusi, wa kuzaa mara ya kwanza mwaka ujao. Wachungaji wakawaswaga hadi Kabuchai, sisi tukafuata nyuma kwa gari, taratibu, miwa pande zote mbili.

Njiani alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona kwa miezi. Nilifikiri ni furaha ya kumwona mkewe. Kumbe ilikuwa hesabu. Alinieleza kwamba jioni hiyo atafunga mstari wa Kabuchai. Atafuta, upande wa madeni utapungua, na hatakuwa na la kuongea tena na watu wale.

Khocha alitupokea uani. Aliwazunguka ng'ombe, akawashika masikio, akawaita wazee wawili majirani washuhudie. Mama Nekesa alikuwa amesimama upenuni na wifi yake, leso begani, haji mbele wala hasogei nyuma. Wazee wakasema ng'ombe ni ng'ombe. Khocha akawaingiza watatu wakubwa zizini. Halafu akachukua kamba ya yule mtamba mweusi, akaja kumrudisha mkononi mwa Mweka Hazina.

"Umereta vizuri," akasema. "Huyu rudi naye."

Mweka Hazina hakuelewa. Alisema mkataba ulikuwa wanne, na wanne ndio hawa, wachukue wote afunge hesabu. Alisema hivyo mara ya pili, na sauti ilipanda, maana mtu aliyeuza mahindi kwa bei ya chini ana haki ya kupiga kelele kidogo. Kamba akaisukuma nyuma kwa khocha.

"Unataka kufunga hesabu na sisi?" khocha akamuuliza. "Kwani unamrudisha?"

Hata mimi, ambaye nilikulia kwa watu wanaosema mahari haiishi, niliona ndiyo kwanza nasikia maana yake. Kwao, kama kwetu, kumalizana kabisa na wakwe ni maneno ya siku ya kuachana. Mtu akilipa yote mpaka ukwato wa mwisho anasema hataki kuonekana tena kwenye ua huo. Lazima kitu kibaki. Lakini kibaki kikijulikana, kikitajwa na kila mtu, si kikifichwa kwenye jina la kupendeza.

Mweka Hazina alitazama kamba mkononi mwake. Halafu alitazama upenuni, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa muda mrefu alimtazama mkewe bila kuwa na kitu cha kumweleza.

"Sasa niandike nini?" akauliza.

"Andika ng'ombe mmoja," khocha akasema. "Na usifute."

Alikaa kwenye jiwe, kamba imefungwa kwenye kifundo cha mkono, kompyuta magotini, mtamba akimpumulia shingoni, na akaandika. Mama Nekesa alishuka upenuni akaja kusimama nyuma yake. Alisoma kioo muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo. Alipomaliza alimwambia aongeze jina, ng'ombe wa nani, na mzee akaongeza. Kisha mama akaingia ndani kuchukua begi lake, na aliingilia mlango wa mbele, akapita katikati ya wazee waliokuwa wamekaa, akiwasalimia kwa mkono mmoja mmoja, bila haraka. Khocha akaniambia niwajulishe wazee wangu wa Kitale, sasa waje.

Kurudi, Mama Nekesa alikaa mbele na mimi. Mweka Hazina alipanda nyuma na mtamba, amemshika pembe, mkoba umening'inia kifuani, vumbi lote la Kabuchai likimtua kichwani. Hatukuwa tumefika lami alipoanza kugonga kioo cha nyuma. Nikapunguza mwendo. Alikuwa anauliza, kwa nguvu kushinda injini, amwandike kwa bei ya leo au kwa bei atakayokuwa nayo akikomaa.

Mama Nekesa hakugeuka.

"Endesha, dada," akaniambia. "Mwambie aache nafasi. Huyo ni jike, na kila chenye atazaa ni chetu sisi wa Kabuchai."